Kamongo na siku zake 14: maneno niliyosema siku ya chanjo ya mbwa mtaani kwetu

Mwangaluka. Mwangaluka tena, huu upande wa kwenye jiwe hamjaitika vizuri. Mwenyekiti wa mtaa asante, daktari wetu wa mifugo asante, wazee walionizidi shikamooni, na walio wadogo shikamoo zenu nimeshazipokea hata kama hamjaamkia. Na nyie watoto mliokuja na mbwa mmewafunga kwa kamba za kuanikia nguo, sijui mama zenu leo wataanika wapi, hayo mtajua wenyewe jioni.

Nimepewa dakika 10 kabla chanjo haijaanza. Wanaonijua wanajua miaka zaidi ya 20 nimeuza dagaa pale Mwaloni, kwa hiyo mdomo ninao na dakika 10 hazitoshi, ila nitajitahidi. Mwenyekiti aliniambia bibi njoo uwasimulie watu habari ya mbwa wako, maana mtaa mzima ulimwona anapita kwenye toroli kafunikwa shuka, wengine mkaja mpaka nyumbani kunipa pole ya msiba. Hakufa. Yule pale chini ya mwembe.

Kwa wasiomjua anaitwa Kamongo, jike, ana miaka 11. Tulimpa hilo jina kwa sababu tulimtoa mtaroni, maji yamekauka limebaki tope, yeye kajikunja humo anapumua tu, na kamongo wa ziwani si mnamjua, maji yakikimbia anajichimbia kwenye matope anakaa humo miezi anasubiri mvua. Sasa huyu wangu kusubiri ndo kitu pekee hajui, na hapo ndo shida zangu zote zilipoanzia, nitafika huko.

Ugonjwa ulianza kwa kiu. Alikuwa ametoka kwenye joto, lile la jike kutaka dume, kama mwezi mmoja na kitu, nikamwona anamaliza beseni la maji, anaenda kukojoa, anarudi kunywa tena. Nikasema jua hili la Mwanza, nani asiyekunywa maji. Alafu akaacha kula. Nikaenda duka moja la dawa za mifugo, silitaji, nikapewa dawa ya minyoo, siku 3 zikapotea hivohivo nampa dawa ya minyoo mbwa ambaye hana shida ya minyoo, na mi mwenyewe nikiwa nimeridhika kabisa. Siku ya nne nikakuta shuka lake lina maji ya kahawia, harufu yake jamani, mtu aliyezoea utumbo wa sangara nilirudi nyuma hatua mbili.

Daktari akasema ni usaha kwenye kizazi. Alivyonielezea ni kwamba jike ambaye hajatolewa kizazi, kila akitoka kwenye joto homoni zinanenepesha ule ukuta wa ndani ya kizazi hata kama hana mimba, na kila mara hali inazidi kuharibika kidogo, sasa akishazeeka bakteria wakipata njia wakaingia wanakuta mahali pa kukaa. Inatokea sana kati ya wiki ya 4 na ya 8 baada ya joto. Wengine unaona ule uchafu unatoka, wengine mlango wa kizazi unakuwa umefunga, usaha unajaa ndani, hao ndo wanakufa haraka maana mwenye mbwa haoni kitu. Dawa yake ya uhakika ni kupasua, kizazi na mifuko ya mayai vyote vitoke. Kwa hiyo nyie wenye majike ya miaka 6, 7, 8 mnaosema mbwa mzee kanywa maji mengi ni uzee tu, nawaangalia.

Watu waliniuliza hela yote hiyo si ungenunua watoto wa mbwa watano. Ningenunua kweli. Sikuwa na jibu zuri, nilisema tu hao watano hawanijui.

Sasa sikilizeni. Daktari kazi yake aliifanya asubuhi moja ikaisha. Yangu ilikuwa siku 14, na aliyekaribia kuharibu siyo daktari, ni mimi. Ukimpeleka mbwa kwenye upasuaji watu wote mnaogopa kisu, kumbe kisu kikishapita ndo zinaanza kazi ndogondogo ambazo ukizidharau zinakurudisha kulekule.

Kwanza kumfikisha nyumbani. Kwangu mnapajua, toka barabarani mpaka mlangoni ni ngazi za mawe tupu, hata mimi nikipanda na ndoo napumzika mara mbili. Bajaji alikubali kutubeba baada ya kuahidiwa hela ya kuoshea siti. Pale chini tukamweka kwenye toroli mpaka njia ilipoishia, alafu shuka zito, watu wanne kila mmoja na pembe yake, tukambeba kama machela. Msimbebe mbwa aliyepasuliwa tumbo kwa kumshika kwapani miguu ya nyuma inaning'inia, pale mshono wote unavutwa. Na huyu ni mzee, nyonga zake zina baridi yabisi, akikaa muda mrefu kunyanyuka ni mpaka asaidiwe. Mimi nilishazoea kumpitishia khanga chini ya tumbo nimvute juu, daktari akanikataza, khanga inakaa palepale kwenye kidonda. Unaweka mkono mmoja kifuani, mwingine nyuma kwenye makalio, unamnyanyua taratibu ye mwenyewe anamalizia.

Usiku ule wa kwanza analialia kama mtoto anayeota, mwili unatetemeka. Ni ile dawa ya usingizi inatoka, mzee inamchukua muda zaidi, na joto la mwili linashuka. Nikamlaza stoo, siyo nje, godoro la sponji nimelizungushia nailoni, juu yake shuka, na blanketi jepesi. Sikuweka maranda wala nyasi, zile zinanata kwenye kidonda. Sakafu yetu ya saruji iliyosuguliwa inateleza kwa mbwa kuliko mnavyofikiri, nikatandika mkeka toka kitandani kwake mpaka mlangoni. Kila baada ya saa chache namgeuza ubavu mwingine, mbwa mzee akilalia upande mmoja usiku kucha anapata vidonda vya kulala kama mgonjwa wa binadamu. Na namfunua mdomo naangalia ufizi. Ufizi unatakiwa uwe wa pinki, unaubonyeza kwa kidole unakuwa mweupe, ukiachia rangi inarudi kabla hujamaliza kusema moja mbili. Ukiukuta mweupe kama karatasi usisubiri asubuhi, piga simu, inawezekana anavuja damu ndani.

Mjukuu wangu alipewa kazi ya kuhesabu pumzi. Mbwa akiwa amelala usingizi, kupanda na kushuka kwa mbavu ni pumzi moja, kwa dakika isizidi 30. Aliipenda hiyo kazi kuliko hesabu za shule, akawa ananiletea karatasi, bibi 18, bibi 22, bibi 20.

Maji nilianza kumpa kidogokidogo, akiona beseni lote anakunywa lote alafu anatapika. Chakula jioni ile vijiko viwili vya wali laini. Kesho yake ndo tukaanza kidogo mara 4 au 5 kwa siku, kuku wa kuchemsha bila mfupa, wali, au sato niliyemchambua miba kwa mkono mwiba mmoja mmoja kama naandalia mkwe. Ukikipasha chakula kikawa vuguvugu kinanukia, mbwa mzee pua imeshachoka anahitaji kubembelezwa. Akipitisha siku 2 nzima hajagusa kitu, hapo siyo deko tena, mwambie daktari.

Hapa kwenye chakula niwaseme kidogo. Nyumba zetu mbwa anakula makombo, na mboga gani ya Mswahili haina kitunguu? Sasa kitunguu, kibichi, cha kukaanga, cha kwenye supu, pamoja na kitunguu swaumu, vinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mbwa mzima akilamba mchuzi kidogo unaweza usione kitu ila huyu katoka kupoteza damu juzi, unamwongezea mzigo. Mimi miaka 11 nilikuwa simjui adui huyo. Na dagaa, najua mnataka kuniuliza dagaa, mi ndo mwenyewe wa dagaa, dagaa wa kuanikwa chini wana mchanga na wengine wanatiwa chumvi, kwa hizi wiki mbili waache. Mapanki ndo kabisa msithubutu. Ule mfupa wa sangara mbwa akiumeza vipande vinachoma utumbo au vinaziba, na mbwa ametoka kushonwa tumbo.

Kidonge nilikuwa namtegea kwenye tonge. Tonge la kwanza la ugali halina kitu, la pili lina kidonge, la tatu nimelishika mkononi analiona, basi la pili anameza bila kutafuna awahi la tatu. Siku moja nilijisahau nikaanza na lenye kidonge, akalitafuna, akakitema, kuanzia hapo akawa ananiangalia kwa jicho la polisi siku 2 nzima.

Sasa la dawa za maumivu. Siku ya pili alikuwa anahema akiwa amelala, hatulii, analala anainuka, mgongo kaupinda, anajilamba midomo. Mbwa mara nyingi hapigi kelele akiumwa, hayo ndo maneno yake. Kuhema mchana huku kwetu kunaweza kuwa joto tu, ndo maana mimi namwangalia alfajiri kukiwa na ubaridi, akihema saa hizo najua ni maumivu. Mama jirani, mwenye roho nzuri kabisa, yeye ni mtu wa swala mbwa hamshiki lakini alinipa mashuka yake ya zamani karibu yote, akaja na vidonge vya diklofenaki, akasema mimi goti likiniuma nameza hizi. Nilikuwa nimeshakikata kimoja nusu. Kilichoniokoa ni kwamba nilimpigia daktari kumuuliza nusu au robo, akanipigia kelele mpaka simu ikakoroma. Diklofenaki na aibuprofeni kwa mbwa zinatoboa tumbo na kuua figo, paracetamoli inaharibu ini na damu. Na mbwa aliyetoka kwenye usaha wa kizazi figo zake zimeshapigwa tayari. Zipo dawa za maumivu za mbwa, zinapimwa kwa uzito wake, anapewa akiwa amekula, na ni daktari anayesema ngapi kwa siku ngapi. Ukiona hazimtoshi unampigia yeye, huongezi mwenyewe.

We kijana mwenye mbwa mweupe mshike vizuri, anamwangalia kuku wa mwenyekiti.

Kidonda. Kila asubuhi na kila jioni unakiangalia, hukigusi, unakiangalia. Nilikuwa nakipiga picha kwa simu, sehemu ileile mlangoni mwanga uleule, namtumia daktari WhatsApp, na yeye akizipanga picha anaona tofauti ambayo mimi ninayekaa naye kutwa siioni. Wekundu kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Usaha, harufu, maji yanayodondoka, kuvimba kunakoongezeka badala ya kupungua, mdomo wa kidonda kufunguka, hizo siyo kawaida. Hupaki majivu, hupaki spiriti, na wale mnaopaka mbwa oili chafu ya gari kwa ajili ya ukurutu naomba leo mnisikie, oili chafu ni sumu kwa ngozi nzima seuze penye mshono. Watu wanasema mate ya mbwa ni dawa mwache ajilambe. Mdomo uleule uliopita jalalani? Akilamba anang'oa nyuzi na anapanda vijidudu.

Na nzi! Sisi tunaanika samaki, nzi ni majirani zetu. Nzi akitaga kwenye kidonda, baada ya siku moja mbili una funza. Ndo maana nilimweka ndani na chandarua cha zamani nikakipigilia dirishani. Mashuka nayanika kwenye kamba juani, siyo juu ya majani, na nayapiga pasi, maana kuna nzi mwingine anataga kwenye nguo yenye unyevu, funza wake anaingia kwenye ngozi, ya mbwa na ya kwenu.

Kola ya plastiki walinipa, ile kama taa ya chemli iliyogeuzwa. Kamongo akiwa nayo aligonga kila mlango, alafu akakaa ameangalia ukuta kama mtu aliyedhulumiwa shamba. Mjukuu akaona tumvalishe jezi. Akaleta jezi yake ya zamani ya Pamba, timu yetu, tukatoboa nyuma pa mkia, mbele tukafunga fundo, mbwa kapendeza mpaka watoto wakaja kumwangalia dirishani. Mchana nikamkuta kalowa pale kwenye kidonda, joto limejaa humo ndani. Daktari kuona picha akauliza hiyo nguo ya nini, nikasema ya Pamba, akasema bibi nataka pamba ya kweli. Kumbe jezi inaitwa Pamba na haina hata uzi mmoja wa pamba, sisi Wasukuma tuliolima pamba toka kwa babu zetu! Tukambadilishia fulana laini ya pamba, usiku kola, mchana fulana tukiwa naye karibu, na fulana zilikuwa 3 ili iliyolowa isikae mwilini.

Choo nisiwachoshe. Kubwa kukaa siku 2 au 3 bila kupata ni kawaida, alifunga kula na dawa za usingizi zinafanya utumbo uende polepole. Dogo likipita siku nzima bila kutoka, piga simu. Unamtoa kwa kamba, dakika 5, unamrudisha. Kwa kamba nimesema, hata kama miaka yote hajawahi kufungwa.

Na hapa ndo mnione mwenye makosa.

Siku ya 5 Kamongo aliamka mzima. Kala chote, mkia unapiga mlango, macho yanang'aa. Nikafurahi, na furaha ndo iliniponza. Nikasema leo maskini akaote jua kwenye jiwe lake nyuma ya nyumba, kamba ya nini, mbwa mzee, mgonjwa, ataenda wapi. Nikakaa naye nachambua mchele. Sasa yale mawe yetu yana pimbi, mnawajua, wanakaa kwenye nyufa. Pimbi mmoja akatoka akasimama juu, akatuangalia tu, hakufanya kitu kingine. Mbwa wa miaka 11 ambaye jana nilimnyanyua kwa mikono miwili aliruka lile jiwe kama swala. Ungo wa mchele ukaenda huko. Pimbi kaingia zake ndani, Kamongo akabaki juu amesimama hajui ashuke vipi, alafu nikaona fulana inaanza kubadilika rangi pale chini, duara dogo kama shilingi, likawa kubwa.

Sikupiga kelele, ningempigia kelele angeruka kuja kwangu. Nikapanda. Mimi huyu, kwa miguu hii, nimepanda lile jiwe peku nikakaa juu nimemshika kifua mpaka mjukuu alipokuja na vijana wa garage na lile shuka letu. Nyuzi 2 za juu zilikuwa zimekatika, za ndani zilishika, Mungu ni mwema. Daktari alikuja akakisafisha, akakishona upya pale pembeni, akaniongezea siku, hakunigombeza, ningependelea angenigombeza. Alisema kitu kimoja, bibi, mbwa kuchangamka maana yake dawa ya maumivu inafanya kazi, haina maana kwamba nyama imeshikana. Ngozi na misuli ya tumbo inataka siku 10 mpaka 14 ndo nyuzi zitolewe, na kwa mbwa mzee tunasogea upande wa 14, na baada ya hapo bado wiki kadhaa hakuna kuruka. Zile siku za mwanzo anazolala kama gunia hazina shida, anajilinda mwenyewe. Kuanzia siku ya 4, 5 mpaka nyuzi zitoke, hapo ndo kamba, hapo ndo mlango wa stoo ufungwe, hapo wageni wasimchangamshe, wajukuu wasimtupie mpira, na ziwani asikanyage kabisa mpaka kidonda kifunge, maji ya pembeni kule mnajua yana vijidudu.

Akili yake nayo msiiache ikae bure. Mbwa mlinzi ukimfungia ndani anasikia boda inapita yeye hawezi kwenda kubweka, anateseka. Nilikuwa namfichia vipande vya kuku ndani ya taulo lililokunjwa, anavitafuta kwa pua akiwa amelala, robo saa imeisha. Jioni nakaa naye mlangoni nachambua dagaa, ye ananusa kila anayepita. Ulinzi wa usiku tulimwachia mbwa wa jirani, wakora hawakuja, au walikuja wakamwogopa yule wa jirani, sijui.

Nyuzi zimetoka wiki tatu zilizopita. Uzito aliopungua unarudi, nampima kila Jumamosi kwenye mizani ya magunia dukani, wateja wanasubiri. Jiwe lake anapanda ila siku hizi kwa kuzunguka nyuma kwenye mteremko.

Daktari naona anafungua kisanduku chake cha barafu kwa hiyo ninyamaze. Foleni ianzie pale kwenye bomba, wenye mbwa wakali mwisho. Mwenye jike mzee anione pembeni, nataka kumuuliza habari ya maji. Na nyie watoto, Kamongo mnaruhusiwa kumshika kichwani tu, tumboni bado.